Heri Bawa Livimbe

Mikono kwanza. Kabla ya kumshika ndege yeyote, tieni mikono kwapani mpaka ipate joto, hasa kule Nainokanoka ambako asubuhi chai inapoa kabla haijafika mdomoni. Ndege akishikwa na mikono ya baridi anadhani amekamatwa na nyoka. Hayo si maneno yangu, ni ya Mzee Parmuati, na ni nyoka gani angeweza kuishi kwenye baridi ile sijui, sikuwahi kumuuliza.

Neema, aliyechukua nafasi yangu, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema, babu, umeondoka na mikono yako, basi tuachie hata maneno. Nikamwambia mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza kwa sababu ya ngano. Akasema andika unavyoongea. Haya, nimeandika ninavyoongea, na mkichoka katikati mlaumuni Neema.

Kuhusu ngano ni hivi. Baba yangu alitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya juu, kule msitu unakoanzia, akamwoa mama yangu ambaye ni Mmbulu wa Endamarariek. Ndiyo maana Kinyaturu nakijua cha kugombana, Kimbulu nakijua cha kusalimiana, na kilichobaki chote ni Kiswahili. Mashamba hayo yalilima ngano pia, na ikikaribia kukomaa, watoto wa vibarua tulikuwa tunaacha shule kwenda kufukuza ndege. Kwa hiyo elimu yangu ya ndege ilianza kwa kuwachukia. Niliwarushia mawe, niliwapigia debe, niliwatukana kwa lugha zote tatu. Mradi wa kupima afya ya ndege wa porini ulipokuja Karatu kutafuta mtu wa kushika ndege nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, kibarua kwenye shamba lilelile. Daktari Namkunda akaniuliza najua nini kuhusu ndege. Nikasema najua kuwafukuza. Akacheka, akaniambia nije Jumatatu.

Daktari Namkunda ni Mpare, daktari wa mifugo aliyehamia kwa ndege wa porini, na wengi wenu mmemkuta. Nimemzidi umri. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo, kisha akanituma kama mtoto, na yote mawili aliyafanya kwa heshima. Siku ya kwanza alinipa njiwa. Nilikuwa nimeona bibi zangu wakishika kuku, nikamkamata huyo njiwa kifuani barabara asinitoroke. Akalegea. Daktari hakupiga kelele. Alinifungua vidole kimoja kimoja kama mtu anayemenya ndizi, akamlaza njiwa kwenye kiganja chake, na baada ya muda njiwa akafumbua jicho, akatuangalia kwa dharau, akaruka. Daktari akaniambia kwamba ndege hana ile ngozi ya ndani, chini ya mapafu, inayotusaidia sisi kuvuta pumzi. Yeye anapumua kwa kupandisha na kushusha kidari. Ukimbana kidari umemfunga pua na mdomo. Kwa hiyo, wajukuu zangu, shikeni mabawa, shikeni miguu, kidole kimoja kikiwa katikati ili isisuguane, lakini kidari kiacheni kifanye kazi yake. Hilo moja mkilikumbuka, mengine ya babu mnaweza kuyasahau.

Mwalimu wangu wa pili ndiye huyo Mzee Parmuati, Mmasai wa Nainokanoka. Yeye alitukamatia tumbusi, hawa ndege wala mizoga. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa wa kawaida, alikuwa anasokota singa za mkia wa ng'ombe huyohuyo mpaka zikawa kamba, anafanya vitanzi, anavipigilia kuuzunguka mzoga, kisha anakaa mbali, amejifunika shuka lake, kama jiwe jekundu. Tumbusi wakishuka, mmoja ananasa mguu. Hapo ndipo mimi nilitakiwa kukimbia. Tumbusi anakimbilika, ila ukimfikia anakutapikia. Hiyo ndiyo silaha yake, na si silaha ndogo. Mke wangu, Mungu amweke anakostahili, alikuwa na ndoo maalumu ya nguo zangu za Nainokanoka, na ndoo hiyo haikuruhusiwa kuingia ndani.

Parmuati aliniita Ormeek, jina wanalotuita sisi tusio Wamasai, tunaolima. Alikuwa ananiambia, "Ormeek, wewe unamkimbilia ndege kama unamdai. Mwendee kama unampelekea habari njema." Na kweli, nilipojifunza kwenda hivyo, hata kutapikiwa kulipungua.

Sasa kipimo cha bawa. Ninyi wa mradi mnakijua, lakini huenda haya yakasomwa na mtu asiyekijua, kwa mfano mashemeji zangu ambao hadi leo wanadhani kazi yangu ilikuwa kupika ndege. Ukifungua bawa, kwa mbele kuna utando mwembamba wa ngozi, ukiuweka kwenye jua unaona mishipa. Daktari anachoma hapo tone la dawa iliyokamuliwa kwenye maharage mekundu, haya tunayokula. Maharage yasiyoiva yana ukali, ndiyo maana mvivu wa kuni anaumwa tumbo. Mwili wa ndege ukikutana na ukali ule unatuma askari wake. Wakifika wengi, pale panavimba na kupata moto. Kesho yake unapima unene kwa kile chuma ambacho mafundi wa gereji wanakiita venia. Pakivimba, ndege ana jeshi. Pasipovimba, ndege anatembea tu, ndani hana mlinzi. Uvimbe wenyewe unashuka bila dawa.

Ilinichukua muda kuufurahia uvimbe. Maisha yako yote unaambiwa kuvimba ni ugonjwa, halafu unaajiriwa kwenye kazi ya kuombea ndege wavimbe. Mzee Parmuati ndiye aliyeshindwa kabisa. Mara ya kwanza tulipofanya kipimo kile kambini kwake, aliwalinda ndege kwenye matenga yao jioni sisi tulipokwenda kula. Asubuhi tukakuta mabawa yote yanang'aa. Alikuwa amewasugua kwa mafuta ya kondoo ili uvimbe ushuke. Daktari akamuuliza kwa upole kulikoni. Akajibu, "Nimewahurumia. Mmewatia ugonjwa, halafu mmeenda kunywa chai."

Daktari akakaa kwenye jiwe, akacheka mpaka akafuta machozi. Kazi ya siku ile ikawa imekwenda na mafuta. Kisha akamweleza kwa mfano wa wizi wa ng'ombe: maharage ni wezi, wanaokuja mbio ni moran, na pale palipovimba ni moran waliojaa zizini. Parmuati akafikiri, akaitikia kwa kichwa, akasema kwa hiyo ndege asiyevimba, moran wake wamelala. Tangu siku hiyo kwenye mradi wetu tukawa tunasema hivyo, na mkiwasikia wazee wa kazi wakisema moran wamelala mjue ilitoka wapi.

Tumbusi wa kwanza niliyemwona na moran waliolala alikuwa jitu kubwa, shingo kama mkono wa mkulima, manyoya safi. Kwa macho usingemdhania. Bawa lake kesho yake lilikuwa jembamba vilevile kama karatasi ya sigara. Daktari akachukua damu, ikakutwa na madini ya risasi. Akatueleza kwamba mnyama akipigwa bunduki, risasi haibaki nzima, inasagika ndani ya nyama kuwa chembechembe, na tumbusi anazimeza pamoja na utumbo ulioachwa. Alimezea wapi, hatukujua. Tumbusi anaruka asubuhi anavuka mipaka ambayo mimi ningehitaji barua ya mtendaji.

Tulimvika pete ya namba mguuni, tukamwachia aende. Baadaye Parmuati alimkuta chini ya jabali, amekufa kwa vidonda vya koo, ugonjwa mdogo ambao tumbusi wenzake wanaupata na kupona. Nikasema basi risasi haikumuua. Daktari akasema, "Haikumuua. Ilimfungulia mlango aliyemuua." Neno hilo nilirudi nalo Karatu kwenye gari, na nadhani ndiyo siku niliyoacha kuwachukia ndege, ingawa kazi ya kulinda ngano nilikuwa nimeshaiacha zamani.

Nimezunguka. Nilikotaka kufika tangu mwanzo ni Endabash, kwa Mama Basili.

Mama Basili ni mjane, Mmbulu, Mkatoliki wa kusali rozari mpaka shanga zimekuwa laini. Bwana shamba wa kata ndiye aliyetuletea habari kwamba nyumbani kwa mama huyo kanga wa porini wanakufa. Kila mwaka ukiingia msimu wa baridi wanaokotwa wamelala kando ya ua wake wa miti ya manyara, na si kuku wake, kuku wamechanjwa ugonjwa wa mdondo, wachache tu ndio wanaokufa. Ni kanga, wanaopanda kutoka korongoni asubuhi, wanakula kwake, wanarudi. Na kanga wa korongo la chini, ambao hawafiki kwake, walikuwa wazima.

Tulipofika alitupa viti, akatupa maziwa mgando, kisha akasema shida yake bila kuzunguka, tofauti na mimi. Mume wake, Baba Basili, alikuwa amefariki miaka michache nyuma. Enzi zake ndiye aliyelinda mashamba ya pale kwa gobore, maana kanga wakiingia kwenye ngwara, jamii ya kunde tunayolima huku, wanafukua mbegu mstari kwa mstari kama wamesomea. Alipougua, wakawa wanamtoa nje asubuhi kuota jua kwenye mafiga yake matatu nyuma ya nyumba. Kanga wakawa wanakuja mpaka karibu na miguu yake. Akacheka, akamwambia mkewe, tazama, wamejua bunduki imekwisha. Alipozikwa, Mama Basili akamwaga mahindi pale kwenye mafiga, kanga wakaja, na toka hapo hakuacha hata asubuhi moja.

"Mtu haondoki na ugomvi," alituambia. "Aliwapiga miaka yote. Nikasema nitawalisha mpaka waseme yaishe."

Sasa kanga walipoanza kufa, majirani wakaanza kunong'ona. Kwamba marehemu hajaridhika, kwamba bado anawinda. Wanawake waliokuwa wanakuja kupura ngwara pamoja naye wakaanza kuwa na wageni, kuwa na malaria, kuwa na safari za Karatu mjini. Tulimkuta anapura peke yake, fimbo moja, mlio mmoja. Akatwambia mambo mawili anayotaka. Kwanza kanga wake wasife. Pili, watu waache kusema mume wake ndiye anayewaua.

Tukatega nyavu. Kanga si tumbusi, kanga hatapiki, kanga anapiga kelele. Ukiwa na kanga mmoja mkononi kijiji kizima kinajua. Mama Basili alikaa kando anatutania, akaniambia, "Wewe Mnyaturu, unamshika kanga kama unacheza naye dansi." Nikamwambia ndiyo mtindo wa mradi, mama. Tukawachoma bawa, tukawaweka kwenye matenga yaliyofunikwa magunia. Tukafanya hivyohivyo kwa kanga wa korongo la chini.

Kesho yake wa korongo la chini walikuwa wamevimba vizuri, unapapasa unasikia moto. Kanga wa Mama Basili, karibu wote, hakuna kitu. Niliwapima, Daktari akarudia kuwapima, akanitazama. Nikasema kwa sauti ndogo moran wamelala. Naye Mama Basili alikuwa anatuangalia nyuso, si venia.

Asubuhi hiyohiyo mjukuu mmoja akaokota kanga aliyekufa kando ya ua. Daktari akamfungua pale kwenye gunia. Mnajua kwamba ndege hana meno, anameza mawe madogo yakae kwenye firigisi yamsagie chakula. Akaipasua firigisi, akaisuuza. Kulikuwa na changarawe, punje za mahindi, na katikati yake vitone vya kijivu, vimelika vikawa bapa, vinateleza. Mama Basili alikuwa amekuja na birika la maji ya kutunawisha. Akainama kuangalia.

"Mama, unavijua hivi?" Daktari akamuuliza.

Akaliweka birika chini polepole. "Navijua. Mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo, yeye akimimina."

Akatueleza. Baba Basili hakununua risasi za gobore, alizitengeneza. Alivunja betri kuukuu za magari, akatoa zile sahani za ndani, akaziyeyusha kwenye chungu juu ya mafiga yaleyale matatu. Mkewe alishika kopo lililotobolewa matundu, mume akamimina, matone yakaangukia kwenye maji yakaganda. Mengine yalianguka pembeni. Nani angeokota kila tone? Walikuwa vijana, alisema, walikuwa wanacheka. Kopo lilikuwa linachoma, na yeye Baba Basili alikuwa anampuliza vidole.

Nilikuwa nimeshika kanga. Mtu aliyeshika ndege hana pa kwenda, hawezi hata kujifanya anakohoa. Nikabaki nimesimama pale na kanga wangu, nikasikia yote.

Daktari akamweleza kwa taratibu, kwamba kanga anaona kitone kama kijiwe kizuri, anakimeza, firigisi inakisaga siku hata siku, na risasi inaingia kwenye damu kidogo kidogo. Haimwangushi. Inawalaza walinzi wake. Kisha baridi inakuja na magonjwa yake, na huyu aliye wazi anachukuliwa kwanza. Mama Basili akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, si kwa Daktari, ni kwa yule kanga aliyelala kwenye gunia:

"Kumbe mimi ndiye ninayewaita."

Daktari angeweza kumwambia hapana, mama, usiseme hivyo. Watu wengi tungesema. Yeye akachuchumaa karibu naye, akasema, "Ndiyo, mama. Uliwaita kwa wema, nao wakaja kwa wema. Hakuna aliyejua."

"Na watu wamesema ni yeye."

Daktari akainuka. Akachukua birika, akamnawisha yeye Mama Basili mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Tulimwambia lazima udongo wa pale uondolewe, wajukuu wasicheze karibu, nyumba nzima wapelekwe hospitali wakapimwe damu, na mtu asile firigisi za kanga hao. Hilo la mwisho lilimkera kidogo. Alituuliza sisi kwetu huwa tunawala wageni wa marehemu. Hospitali alikubali palepale. Udongo ndio uliomshinda. Alisema yale mafiga ndipo mumewe alipokaa mara ya mwisho, na kaburini haendi kila siku, ila pale huenda. Tukichimba, tutamwachia nini? Akaomba tumpe nafasi. Daktari akampa, akamwomba tu mahindi asimwage pale kwa sasa. Tukaondoka, na nilikuwa na hakika mama yule hatutamwona tena. Nilisema hivyo kwenye gari. Daktari akaniambia, Mzee Saidi, subiri.

Mama Basili akatuita mwenyewe. Tulipofika tukakuta nyumba imejaa watu, makande yanachemka kwenye sufuria la misiba. Nikadhani kuna aliyefariki. Kumbe alikuwa amewaita majirani wote, hata wale wenye malaria. Alisimama karibu na mafiga, amejifunga lubega la kanisani, akasema nao kwa Kimbulu, na jirani mmoja akawa ananitafsiria sikioni palipozidi Kimbulu changu cha salamu.

"Mlisema ni Baba Basili," akawaambia. "Mlisema kweli, ila mlisema vibaya. Hana hasira na mtu. Alilinda ngwara, zangu na zenu, na kilichobaki cha ulinzi wake kimekaa ardhini kinafanya kazi bila yeye. Leo namtua mzigo. Asiyekula ngwara hapa asishike jembe."

Hakuna aliyekuwa hajala ngwara. Wakashika majembe. Daktari akawagawia glavu na vitambaa vya kufunika pua, akasimamia udongo uingie kwenye mifuko migumu iende kufukiwa pale wataalamu walipoelekeza. Wazee wawili walianza kucheka peke yao, nikajua wanakumbuka mambo ya bunduki ile, maana inasemekana ilikuwa inapiga kelele kuliko ilivyokuwa inapiga kanga. Mafiga hayakuguswa na jembe. Wanawake waliyabeba kwa mikono, wakayasugua kwa maji mengi, wakayapanga upya upande wa pili wa nyumba, karibu na ghala. Kwenye shimo tukamwaga udongo mwingine, tukazungushia matawi ya miiba. Jioni wanawake wakapura ngwara, fimbo nyingi, hata gari letu lilipokuwa linapanda kilima kwenda kunishusha kwa bwana shamba bado tulikuwa tunazisikia.

Mngedhani imekwisha. Kanga hawakuambiwa. Asubuhi iliyofuata wakapanda kutoka korongoni, wakapita mahindi mapya karibu na ghala kama hawayaoni, wakaenda palepale pa zamani kupekua chini ya miiba. Kesho yake vivyo hivyo. Nilikuwa nimebaki Endabash kuangalia, nalala kwa bwana shamba. Nikamwambia Mama Basili, mama, mimi kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kufukuza ndege, niruhusu nikusaidie. Akasema hapana. Kama ni kufukuzwa, hawatafukuzwa na mtu baki.

Akatembea hadi kwenye miiba, akasimama. Akavuta pumzi, akapiga ukelele. Si wa mama yule. Ulikuwa mzito, una mruko katikati, na jirani aliyekuwa anakata majani ng'ambo ya barabara aliinua kichwa akasimama kama amepigwa na radi. Ulikuwa ukelele wa Baba Basili, aliokuwa akiupiga shambani kabla ya kufyatua. Kanga wakaruka wote kwa pamoja. Wale wakongwe waliukumbuka, na wadogo wakawafuata wakongwe. Mama Basili akaokota bonge la udongo akawatupia, akapiga tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, nami sikujua nishike lipi, nikacheka.

Akanigeukia, anahema. "Wanamwogopa bado," akasema. Alisema kama mtu aliyeletewa salamu.

Alifanya hivyo kila asubuhi. Ukelele huku, kisha anazunguka nyumba, anatingisha kopo la mahindi kule, kwa sauti yake mwenyewe. Mume anafukuza, mke anaita. Siku moja, mimi nikiwa nimesharudi Karatu, alinipigia kwa simu ya mjukuu wake kuniambia tu kwamba wamehamia. Wanakula kwenye mafiga mapya. Na kwamba jogoo la kanga limemkosea adabu, limepanda juu ya figa analokaa yeye.

Msimu wa baridi uliofuata ndio uliokuwa wa mwisho kwangu kazini. Nilimwomba Daktari ndege wangu wa mwisho wawe wa Endabash, naye akanielewa. Neema alikuwa ameshaanza, ndiye aliyetega nyavu, mimi nikashika. Mikono yangu sasa imezeeka, lakini ina joto. Tuliwachoma bawa wale wadogo waliototolewa mwaka ule, waliokua bila kukanyaga pale pa zamani. Tukaweka matenga, tukaenda kunywa chai, nikamkumbuka Parmuati.

Asubuhi Neema akawa anapima kwa venia, mimi nafungua bawa. Mama Basili akaja akasimama karibu, na safari hii hakutazama nyuso zetu. Akauliza yeye asiyejua kusoma chuma kile atajuaje. Nikamwambia lete kidole. Nikakishika kidole chake, nikakiweka pale kwenye utando, pamevimba kama punje ya ngwara iliyolala kwenye maji.

Akakisogeza taratibu huku na huku. Kisha akasema, "Panachemka."

"Ndivyo panavyotakiwa, mama."

Akapapasa wa pili, akapapasa wa tatu, kama anayekagua mikate. Alipomaliza akajifuta kidole kwenye khanga aliyojifunga, akatuacha, akaenda mpaka kwenye mafiga karibu na ghala, akasema kitu kifupi kwa Kimbulu, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Halikuwa neno la salamu, kwa hiyo sikulijua. Aliporudi nikamuuliza amesema nini.

"Nimemwambia wamevimba," akasema. "Haya, waachieni, hawajala."